Kabla ya Godoro, Chungulia Mvungu

(Mazungumzo na wastaafu na familia zao, Tanga)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Wa rika langu, habari za jioni.

Mwenyekiti amewaambia nitazungumza namna ya kuchagua godoro zuri. Namshukuru, ila mimi nilimwandikia "mgongo na kitanda". Amebadilisha kwa sababu anajua godoro ndilo linalojaza ukumbi. Hata kazini ni hivyo hivyo. Mtu namfanyisha mazoezi nusu saa, jasho linamtoka, na kabla hajamaliza kuvaa viatu ananiuliza: "Sasa daktari, ninunue godoro gani?" Kwanza mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, nimelisema hilo mpaka sauti imekauka. Pili, nami humuuliza swali: kitanda chako kina chaga ngapi?

(Kicheko.)

Mnacheka. Nimesema chaga, sikusema Wachaga, watani zangu wa Moshi msiondoke. Zile mbao za kukatisha, zinazobeba godoro. Nani hapa anajua idadi ya chaga zake? Mkono juu. Mmoja. Na wewe ni fundi seremala, shusha mkono.

Niwape kisa. Mwenyewe ameniruhusu nikiseme, ila jina nibaki nalo. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa Ngamiani, nampa heshima ya baba. Alipostaafu alipata kiinua mgongo. Jina zuri hilo, ila chake hakikuinua mgongo wowote, kiliishia kwenye magodoro. Godoro la kwanza lilikuwa tano kwa sita, inchi nane. Baada ya miezi mitatu akasema laini, linammeza. Akampa kijana wake. La pili akaambiwa dukani ni la wagonjwa wa mgongo, gumu. Akalilalia wiki mbili, bega likaanza kuuma, na kiuno kikabaki pale pale. Likaenda kwa wageni, na tangu hapo wageni wamepungua. La tatu inchi kumi! Ukikaa juu yake miguu haigusi sakafu. Na bado asubuhi anatoka chumbani ameshika ukuta.

Alipokuja kwangu alikuwa tayari anaulizia la nne. Nikamwambia, baba, usitoe hata senti, nitapita nyumbani. Nikapita jioni moja, na sitaki kusema uongo, mkewe alikuwa ameahidi mkate wa kumimina. Tukala kwanza. Halafu nikaomba kukiona kitanda. Ni kitanda cha mninga, cha fundi wa zamani, matendegu kama miguu ya tembo, mfumbati unang'aa unaweza kujitazama. Ungekiona ungesema mgonjwa hawezi kutoka humu. Nikasaidiana na kijana tukalisimamisha lile godoro la inchi kumi.

Kwenye kile kibao cha ndani unaziona alama za chaga zilipokuwa zimekaa. Kumi na moja. Zilizobaki ni sita. Na katika hizo sita, moja imepasuka katikati, imezungushiwa mpira wa baiskeli. Pengo kubwa kuliko yote lilikuwa wapi? Hapo hapo nyonga inapokaa. Ningeweza kupitisha ndoo.

Nikauliza, zile tano zimekwenda wapi? Mzee kimya. Mkewe akasema, "Mjibu mwenzio." Bado kimya. Basi mama akanishika mkono tukatoka uani, akanionyesha banda la kuku.

(Kicheko kirefu.)

Kuku wanalala vizuri kuliko mwalimu! Mbao zimenyooka, nafasi sawa sawa.

Sasa tazameni kilichokuwa kinatokea. Godoro la sponji halina mifupa. Linafuata umbo la kilicho chini yake. Ukiliweka juu ya pengo, linakunja mgongo kuingia pengoni, na wewe unalifuata. Nyonga ndiyo sehemu nzito ya mwili, inashuka. Mabega na miguu vinabaki juu. Unalala usiku mzima kama uliyebebwa kwenye machela. Misuli ya kiuno inakaa imevutwa saa saba, saa nane. Asubuhi ukiamka imekaza, halafu unalaani godoro. Nunua jingine nene zaidi, litazama vile vile, ila litachukua miezi kadhaa zaidi kabla ya kuzama.

Kwa hiyo ukifika nyumbani leo, inua godoro. Weka vidole vinne vilivyobanana kati ya chaga na chaga. Vikienea na kubaki nafasi kubwa, chaga zako ni chache. Kisha kandamiza kila chaga kwa goti, uone inayopinda na inayolia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nawajua, wengi wenu kuinama ndiyo kesi yenyewe, basi piga magoti au mwite mjukuu.

Yule mwalimu tulimwitia fundi, akaweka chaga mpya, na ile iliyofungwa mpira ikatolewa. Godoro tukamrudishia lile la kwanza, la inchi nane, alilosema laini. Siwaambii alipona. Mgongo wa mzee haufufuki kwa mbao chache. Ila baada ya wiki chache alikuja kliniki, akainama mbele yangu akafunga kamba za viatu mwenyewe, akanitazama kwa jeuri kidogo. Ile jeuri ndiyo mshahara wangu.

Najua kuna mama pale anawaza: si niweke tu ubao mzima, plaiwudi, nimalizane? Unaweza. Lakini hapa ni Tanga mama, si Mbeya. Jasho na unyevu vinashuka chini ya godoro, vikikosa pa kutokea utalikuta tumbo la godoro lina madoa meusi ya ukungu. Ukiweka plaiwudi mwambie fundi aitoboe matundu, na kila baada ya muda ulisimamishe godoro lipate hewa.

Sasa hili la godoro gumu. Hili linanichosha, nisameheni nikipaza sauti. Nani aliyetuambia mgongo unataka ubao? Watu wanalala sakafuni eti wanatibu diski za uti wa mgongo! Mwaka 2003 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti kutoka Uhispania, wa Kovacs na wenzake. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wakawagawa, hawa wakapewa magodoro magumu, hawa ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, wa ugumu wa kati ndio waliokuwa na nafuu zaidi, wakiwa kitandani, wakiamka, na katika shughuli zao za mchana. Mtu atasema hao ni Wahispania. Haya, nyonga ya Mhispania inachomoza upande gani, na ya Mdigo upande gani?

Ukilala ubavu, bega na nyonga vinatakiwa vizame kidogo ili kiuno kipate cha kuegemea. Kwenye ubao bega halizami. Kiuno kinabaki kinaning'inia, na mishipa ya fahamu inabanwa begani, ndiyo maana unaamka mkono umekufa ganzi. Ukilala kwenye laini mno, nyonga inazama kuliko vyote. Unachotafuta kiko katikati, na katikati ya mtu wa kilo 55 siyo katikati ya mtu wa kilo 100. Ndiyo maana siwezi kukutajia godoro ukiwa umesimama mlangoni.

Halafu wazee wananijia na hoja yao, naiona inakuja hata sasa kwa yule mzee mwenye kofia: "Sisi tulilala kitanda cha kamba, godoro la sufi, hatukuumwa mgongo." Mzee wangu, mliumwa. Mliita baridi yabisi, mkakandwa. Ila kuna jambo katika maneno yako, na nalipenda sana. Kitanda cha kamba kilikuwa kinalegea, ndiyo, lakini kikilegea kilifanywa nini?

(Sauti kutoka ukumbini: "Kinawambwa!")

Kinawambwa! Mtu alikaa uani, akafungua zile kamba, akazikaza upya kama anawamba ngoma, mpaka ukikipiga kinalia. Na godoro la sufi likishikana madonge, linafumuliwa, sufi inaanikwa, inachambuliwa, inarudishwa ndani. Bibi yangu alikuwa na siku yake ya kufanya hivyo, na sisi watoto tulikuwa tunapiga chafya mpaka jioni. Wale watu walijua kitanda ni kitu cha kutunzwa. Sisi tunanunua, tunatandika, tumemaliza. Humu ndani kuna watu wanalalia godoro la harusi na mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo yuko chuo kikuu. Msitazamane! Godoro la sponji likifika miaka saba, minane, mengi yameshachoka, na la bei rahisi halifiki huko. Na kabla halijachoka, ligeuze, kichwani kuje miguuni, walau kila miezi mitatu.

Twende dukani sasa, maana Mwenyekiti ananitazama.

Ukifika, muuzaji atakwambia libonyeze. Usilibonyeze kwa ngumi, hulali kwa ngumi. Vua viatu ulale. Lala dakika kumi, ubavu unaolalia kila siku. Aibu? Fedha ni zako. Nenda na unayelala naye. Kisha lala chali, mwenzio apitishe kiganja chini ya kiuno chako. Kikipita kama gari chini ya daraja, godoro hilo ni gumu kwako. Kikikwama kabisa na wewe kugeuka ni kazi, ni laini mno. Kikipita kwa kusugua, hapo pana mazungumzo ya bei.

Halafu densiti. Wanaiandika kwa kujivunia sana, 25, 30, ina maana kilo katika mita moja ya ujazo. Haiwezi kukudanganya ukiwa na mizani. Godoro la tano kwa sita inchi nane ni futi za ujazo 20, zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo. Likiandikwa 30, sponji yake iwe na kilo kama 17. Mimi nilikwenda duka moja, silitaji, nikaliomba lipandishwe kwenye mizani ya jirani muuza mchele. Kilo 11! Piga hesabu, hata 20 haifiki. Yule kijana akasema labda mizani imeharibika. Muuza mchele nusura ampige.

Na msije mkatoka hapa mnapima magodoro yote ya mji mkidhani zito ndilo zuri. Kuna wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji, uzito unapanda, uhai haupandi. Uzito pia sio ugumu. Sponji nzito inaweza kuwa laini, na nyepesi ikawa ngumu wiki ya kwanza, kisha ikakatika kiuno. Densiti inakuonyesha litaishi muda gani. Kama ni gumu au laini, utakujibu mwili wako ukiwa umelala.

Nailoni ya dukani itoeni. Siendelei. Kuna watu wanalala na nailoni miaka miwili, wanatokwa jasho, wanateleza, wanaita joto la Tanga. Mtoto anakojoa? Nunua kava.

Nilitaka kusema juu ya ile mikanda ya kiuno inayouzwa stendi, muda hautoshi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu halishauri mikanda hiyo kuwa tiba ya kawaida, linasisitiza elimu na mazoezi. Kutembea, wazee wangu. Kulala kitandani siku nzima kunazidisha, hata liwe godoro la mfalme.

La mwisho, hili sikubali kukatishwa. Kitanda kina kosa pale unapoamka umekaza, ukitembea nusu saa ukafunguka. Lakini ukiwa na homa, umepungua mwili, na mgongo unauma usiku bila kujali umelalaje, nenda hospitali, kifua kikuu huingia hata kwenye pingili za mgongo. Miguu ikilegea, mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, ukifa ganzi sehemu za kukalia, hiyo ni dharura, siku hiyo hiyo. Na kijana anayeamka alfajiri kila siku kwa maumivu, akae amekakamaa zaidi ya nusu saa, miezi inapita, asiniulize godoro, amwone daktari.

Adhana hiyo, naisikia. Mto sikuugusa, najua. Aliyeuliza habari ya mto na shingo, ukitoka kuswali pita hapa mbele. Mkeka ninao, mito miwili ninayo, utalala nikuonyeshe.