Kifaranga Wangu Anaitwa Huyu

Asanteni. Kaeni, kaeni jamani, leo sisemi sana. Najua mara iliyopita nilisema hivyo hivyo na mkatoka humu giza limeshaingia.

Boksi hili mezani lina vifaranga saba wa Silkie, wa wiki tisa. Hata sijavuka mlango, ndugu mmoja kanishika mkono: "Mwalimu, majike wangapi humo?" Ndugu yangu, nimewatotoa mwenyewe, nawalisha mwenyewe, na sijui. Miaka ishirini na mbili nafuga Silkie, na sijui. Somo lenyewe ndilo hilo. Aliyefuata siri ya kutambua jinsia siku ya kwanza anaweza kuwahi usafiri wake.

Silkie ni kuku gani sitaeleza sana: ni wale wenye ngozi nyeusi, manyoya kama pamba na kishungi cha manyoya kichwani. Mnawajua, ndiyo maana mko hapa.

Hadithi ya Malkia wengi wenu mmeshaisikia. Mtaisikia tena, maana bado napigiwa simu na watu walewale kwa kosa lilelile.

Nilitotoa vifaranga wanane. Walipofika miezi mitatu, mmoja alishajitangaza: upanga, ile nyama ya juu ya mdomo, mpana, rangi ya zambarau iliyoiva, kifua mbele, anatembea kama karani mpya aliyekabidhiwa funguo. Nikasema, haya, jogoo mmoja, mitetea saba, Mungu kanipendelea. Nikawapa wale saba majina. Aliyekuwa na kishungi cha mviringo kuliko wote, kama ua la pamba lililopasuka, nikamwita Malkia. Mtu akaja, akalipia wanne, Malkia akiwa wa kwanza kuchaguliwa. Tukakubaliana nikae nao mwezi mmoja zaidi wapate nguvu.

Yule jogoo alikuwa anawasumbua wenzake, nikamhamishia banda jingine. Siku ya tisa, alfajiri, nasikia kutoka banda la mitetea mlio kama wa bawaba isiyopata mafuta. Nikatoka na tochi. Malkia kasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, shingo kaivuta, kishungi kimelala nyuma, anajaribu tena. Hakupatia vizuri, lakini alijaribu mbele ya macho yangu. Mwezi haujaisha, watatu kati ya wale saba wakawa wanawika. Nikarudisha pesa za watu.

Unaona ilivyokuwa? Pora, yaani majogoo wachanga, wakikua pamoja, mara nyingi mmoja huwatawala wenzake, na wale wengine hujificha. Upanga unachelewa, mwendo unakuwa wa kinyenyekevu, hawathubutu kuwika. Ukimwondoa mbabe, ndani ya siku chache nafasi inagombewa. Kwa hiyo ukimlinganisha kifaranga na ndugu zake, usidhani unapima jinsia. Mara nyingine unapima woga.

Tangu siku hiyo kifaranga wangu anaitwa Huyu. Huyu kala, Huyu kaumwa, Huyu kahamia kule. Jina anapata akitaga. Na kuwika? Kuna mama pale nyuma naona ameshatikisa kichwa: kuna mitetea wanaowika. Ni kweli, mama, hutokea, hasa kundi lisipokuwa na jogoo. Ndiyo maana nasema yai. Yai halina ubishi. Ila kwa Silkie unaweza kulingoja miezi saba, minane, hata tisa, na hapo ndipo uvumilivu wa watu unapokatika na pete zinapotoka mifukoni.

Tuzimalize hizo pete. Pete kwenye uzi juu ya kifaranga, eti mzunguko wake unakuambia jinsia: inazunguka kwa sababu mkono wako unatikisika. Kumshika miguu kichwa chini uone kama anatulia au anapapatika: unamtesa bure. Umbo la yai? Aristotle aliandika kwamba yai refu lenye ncha hutoa jike. Karne kadhaa baadaye Columella, Mroma, akawaambia wafugaji anayetaka majogoo achague mayai marefu yenye ncha. Wazee wawili wenye heshima zao, wamesimama kila mmoja upande wake wa yai! Joto la mashine nalo halibadilishi kitu. Kwa kuku jinsia hutoka kwa mama, mwenye kromosomu, yaani vibeba urithi, za aina mbili, Z na W, na huamuliwa kabla ganda halijaumbika. Unapolishika yai, kesi ilishahukumiwa.

"Lakini mimi pete yangu imepatia vifaranga sita, wote sita!" Ndiyo, na nakupongeza. Watu sitini na wanne wakibahatisha vifaranga sita kila mmoja, tutegemee mmoja wao apatie wote. Huyo mmoja ndiye anayekuja kwenye mikutano. Wale sitini na watatu wako nyumbani wanasikiliza bawaba.

Kuna njia za kweli, sikatai. Kukagua tundu la nyuma kwa siku ya kwanza, Wajapani waliifanya taaluma miaka ya 1920, na ni taaluma ya kufundishwa, si ya kujaribia kwenye kifaranga anayelingana na kidole gumba chako. Asiyejua humjeruhi. Manyoya ya bawa hufanya kazi pale tu wazazi walipochaguliwa, jogoo wa ukoo unaoota manyoya haraka na mtetea wa ukoo unaochelewa. Hao wako hawakuchaguliwa hivyo. Kipimo cha vinasaba, kwa nyoya au tone la damu, kinajibu. Mwenye haraka ya kweli aende huko.

Na hapa kuna kichekesho. Silkie huyuhuyu anayetuficha ndiye aliyewafundisha watu jinsi jinsia inavyoweza kuonekana kwenye rangi. Mwaka 1911 Bateson na Punnett, wanasayansi wa urithi Waingereza, walichapisha matokeo ya kumpandisha na kuku wa aina nyingine, Brown Leghorn. Jogoo wa Silkie kwa mtetea wa Leghorn: vifaranga wa kike wakatoka na ngozi nyeusi, wa kiume wana weusi kidogo tu. Ukigeuza wazazi, tofauti hiyo inapotea, wote wana weusi kidogo. Ila hao ni machotara. Silkie kwa Silkie, ngozi ya dada na ya kaka ni nyeusi ileile.

Sasa mkononi. Huyu hapa, ngoja nimtoe. Tulia, baba. Au mama. Napuliza kishungi taratibu, nakitenga kwa kidole gumba. Angalieni juu ya pua: upanga wake ni punje tu, kama ushanga uliobanwa, mwembamba kuliko mdomo. Ndevu, zile nyama za chini ya mdomo, hazijaanza. Ningelazimishwa, ningesema jike. Huyu wa pili upanga umeshapanuka, una mikunjo, una wekundu ndani ya weusi. Huyu namshuku sana. Baadaye kishungi cha pora huanza kutoa nyuzi ndefu zinazolala nyuma, cha mtetea hubaki mviringo. Kwa kuku wengine ungesaidiwa na manyoya ya shingoni yaliyochongoka na kung'aa, lakini nyoya la Silkie halina vikulabu vya kushikana, limefumuka lote, kwa hiyo dalili hiyo inazama kwenye pamba. Mjumlishe upanga, kishungi na kusimama, tena kila wiki, na muandike kwa penseli.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Rangi basi, haraka.

Msitabiri rangi kwa kumtazama kifaranga, tazameni wazazi. Kijivu kwa kijivu, kwa wastani robo weusi, nusu kijivu, robo weupe wenye madoa. Mweusi kwa mwenye madoa, wote kijivu. Mweusi hutotolewa akiwa na tumbo jeupe, msipige simu, litabadilika. Mweupe anaweza kutoka wa njano, na mwenye madoa hutoka kijivu hafifu bila doa hata moja, madoa yanangoja manyoya. Mwenye mistari mgongoni kama ya wanja, huyo hatakuwa mweusi mtupu. Kijivu na lavenda, yaani kijivu chepesi, wakiwa wachanga mimi mwenyewe siwatenganishi, nauliza baba na mama ni nani. Na weupe wa Silkie mara nyingi ni shuka tu, chini yake kunaweza kuwa na rangi yoyote, kwa hiyo mweupe akikuzalia mweusi usimsingizie jirani.

Ya chakula nilikuwa nayo, tuiache. Nifunikieni boksi, wanapata baridi. Na huyo ndugu wa mlangoni, njoo: umewashika wewe mwenyewe sasa. Wangapi?

Haya, andika kwa penseli.