Kamba Haikatiki, Fundo Ndilo Linaloteleza

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Hapa Tabora hakuna wa kufundishwa kutundika mzinga, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye fundo linalokushikilia kwenye kamba unapopanda mti.

Ukimuuliza mpandaji amejaribuje kamba yake, anakusomea lebo: kilonyutoni 22. Sawa, ni kama kilo 2,200 kabla ya kukatika. Mtu wa kilo 80 akining'inia hafiki popote karibu na hapo. Hatari yake ni fundo kuteleza, na kuhusu fundo lebo haisemi lolote. Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema: kinachojaribiwa ni kamba hii, pamoja na kamba ndogo hii ya fundo, kwa uzito wa mtu huyu. Ukibadilisha kimoja, umeanza upya.

Chukua kamba ya milimita 13, uifunge Prusik, yaani fundo la kamba ndogo inayozungushwa juu ya kamba kubwa, ambalo husogea likilegezwa na kubana likibebeshwa uzito: mizunguko mitatu, kwa kamba ndogo ya milimita 10. Inashika. Hamishia fundo lilelile kwenye kamba mpya yenye ganda la nje laini, linashuka nawe. Ongeza mzunguko, linashika. Ganda likizeeka na kuota manyoya, fundo hilohilo linang'ang'ania hata hulilegezi kwa mkono mmoja. Kamba ndogo ya milimita 8 inauma zaidi, lakini kuilegeza ni kazi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Kamba imepita juu ya tawi na kurudi kwako: mwisho mmoja umefungwa kwenye mkanda wako wa kupandia, upande wa pili umeshikwa na fundo. Gome la mti wa mtundu linakwaruza kamba, na huko kukwaruza kunakusaidia. Unaposhuka, upande wa fundo unabeba pungufu ya nusu ya uzito wako. Kesho unaweka kapi, gurudumu la kupitishia kamba, ili usichubue mti wala usiichakaze kamba. Umefanya vizuri kabisa. Lakini msaada wa gome umeondoka, na fundo sasa linabeba karibu nusu kamili, kilo 40 kwa mtu wa kilo 80. Lililoshika jana linaanza kutambaa, na watu wanalaumu kapi! Kapi halina kosa. Fundo halikujaribiwa pamoja nalo.

Jaribio lifanyike kwenye tawi la chini, nyayo zikiwa sentimita 30 kutoka ardhini ukishaning'inia. Funga, panga mizunguko isipandane, kaza kwa mkono. Zungushia kamba utepe chini kidogo ya fundo. Anza umesimama juu ya gogo, kisha ukae taratibu. Fundo likishuka sentimita moja au mbili linajikaza tu. Likiendelea kuufuata utepe, simama uongeze mzunguko. Jitikise kidogo. Halafu, na hili ndilo kubwa, lilegeze na uliachie ghafla, tena na tena. Linashika lenyewe, au linasubiri ulisukume? Linalosubiri kusukumwa lisipande mti.

Kisha panda mita mbili, ushuke polepole, uguse fundo kama lina moto. Fundo la Blake, linalofungwa kwa mkia wa kamba yenyewe, huungua pale mkia unapotokea. Ukiona sehemu ngumu inayong'aa, nyuzi zimeanza kuyeyuka. Kata kipande hicho.

Mtu atasema wazee walipanda kwa kamba za magome bila haya yote. Walipanda, lakini kamba ilizunguka shina na miguu ndiyo iliyobeba mwili. Hapa miguu iko hewani.

Muda unanibana. Utomvu mwekundu wa mninga ukikauka kwenye kamba ndogo, inakuwa ngumu na haiumi tena. Mvua zikianza, rudia jaribio kamba ikiwa imeloa. Polipropilini ya kufungia mizigo huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi za Selsiasi, kwa hiyo isiguse fundo. Na kaa la bomba la kufukizia nyuki moshi linayeyusha hata nailoni, bomba hilo litundikeni mbali na kamba. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo 28: ishushwe kwa kamba yake, si kwenye mkanda wako.

Wanaouliza kuhusu kupanda kwa kamba moja isiyorudi: hapo fundo linabeba uzito wote, na Blake au Prusik ikibana hivyo huwezi kuilegeza kwa usalama. Panahitajika kifaa cha kuongeza msuguano juu ya fundo, na jaribio lake lianze mwanzo. Gogo na kamba viko nje. Aanze mwenye kamba mpya.