Juu ya Mstari na Chini ya Mstari

Ndugu zangu wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na nyinyi vijana mnaosomea kompyuta, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie data kubwa, yaani rekodi nyingi mno zinazochambuliwa kwa kompyuta, na afya ya watoto. Nitaanzia kwa jirani zetu wa Kilifi, pwani ya Kenya, mezani pa karani wa wodi ya watoto.

Mama amefika, mtoto anachemka homa. Karani anauliza jina. Kahindi. Kahindi wa nani? Wa Katana. Sasa Kilifi ina akina Kahindi wa Katana wangapi? Wagiriama humpa mtoto jina la babu, basi majina yale yale yanazunguka vizazi na vizazi. Karani haachi kuuliza: boma la nani, kijiji gani, nani mwingine analala hapo, mpaka ampate mtoto huyu mmoja katika orodha ya watu zaidi ya robo milioni.

Orodha hiyo ilianzishwa mwaka 2000 na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya. Kila baada ya miezi kadhaa watu hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Jua la pwani mnalijua. Kazi ile naiheshimu kuliko mtambo wowote.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu wodi humwona aliyefika tu. Vitanda vikibaki vitupu, huenda ugonjwa umepungua, au mvua imekata barabara. Rejesta ya wodi peke yake haikwambii ni lipi. Mnakumbuka sehemu tulizosoma shule ya msingi: juu ya mstari kiasi, chini asili. Wagonjwa ni kiasi. Watoto wote wa vijiji vile, wazima kwa wagonjwa, ndio asili. Sisi tumezoea kuripoti kiasi.

Novemba 2001 Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya Hib, bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kabla ya hapo, Kilifi, katika kila watoto 100 waliougua vibaya kwa Hib, 23 walifariki. Nusu ya wagonjwa hawakuwa wamevuka miezi minane. Mwaka mmoja kabla ya chanjo, waliougua walikuwa 66 katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano. Mwaka mmoja baadaye, 47. Aliyefunga daftari hapo angesema chanjo ni dhaifu. Wenzetu waliendelea kuhesabu, na mwaka wa tatu wakakuta 7.6.

Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimokoko, bakteria wengine wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, nao wana aina nyingi. Orodha ile ile ikaonyesha kwamba maambukizi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yamepungua kwa asilimia 92 kwa watoto wadogo.

Vijana wa kompyuta, najua mnatamani akili mnemba itabiri nani ataugua. Nami natamani. Lakini programu iliyofundishwa kwa rekodi za wodi tu imejifunza habari za watoto waliopata nauli. Aliyezaliwa nyumbani, akafia nyumbani, haimjui.

Nimesema vya kutosha. Kwenye maswali naomba waanze wahudumu wanaopita nyumba kwa nyumba. Watueleze wanamwandika wapi mtoto ambaye hajawahi kuletwa kliniki.