Usiandike 20 Kama Hukuhesabu

Ndugu zangu wauguzi, na hasa ninyi wadogo zangu mnaoanza kazi wiki hii, habari za mchana. Nimeombwa niwaeleze maisha ya kazi katika chumba cha dharura na ICU, yaani wodi ya uangalizi maalumu wa mahututi. Nimefanya zamu kwa miaka 24, na nikiachiwa nafasi naweza kuzungumza mpaka magharibi. Leo nitashika jambo moja tu, pumzi ya mgonjwa. Mengine nitayagusa njiani.

Kesho asubuhi mkiingia wodini, chukueni faili lolote mtazame safu ya pumzi kwenye chati. Mtakuta 20, 20, 22, 20, yaani idadi ya pumzi kwa dakika. Mzee wa kisukari ana 20, binti mwenye malaria kali ana 20, dereva wa bodaboda aliyevunjika mbavu naye ana 20. Presha imepimwa kweli, kwa sababu mashine inatoa namba. Joto nalo limepimwa. Pumzi haina mashine yake wodini, inataka macho yako na dakika yako nzima, na katika zamu yenye wagonjwa wengi dakika ndiyo inayokosekana. Basi tunakisia, kisha tunakiandika kisio chetu kana kwamba tumehesabu.

Naijua dhambi hii kwa sababu nimeitenda. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa peke yangu usiku na wagonjwa 31. Kulikuwa na kijana mwenye nimonia. Saa nne usiku nikamwandikia 20. Saa nane nikamwandikia 20 tena. Aliniomba nimwongezee mto, nikamwongezea, nikapita. Saa kumi na moja alfajiri aliyeniita ni mama aliyekuwa akimuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili. Nilikandamiza kifua, nikampulizia kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, daktari wa zamu akafika, lakini kijana hakurudi. Kulipokucha nikafungua faili, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe unasema kwamba usiku kucha alikuwa akipumua vizuri. Mwenye nimonia anayeomba mto wa pili apate kukaa, anakwambia hewa haimtoshi. Mimi nilimwona kama mtu anayetafuta usingizi.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwili unapoanza kuzidiwa, iwe ni maambukizi, iwe ni damu inayovujia tumboni, pumzi hupanda mapema, mara nyingi saa kadhaa kabla presha haijashuka. Kijana wa ajali anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake huku presha ikisoma 115 kwa 80. Mishipa imebana, moyo unakimbia, mwili unajikaza usianguke. Ukimtazama kwa presha peke yake utampanga nyuma ya aliyechanika paji la uso, kwa sababu yule ana damu inayoonekana na ndugu wanaopiga kelele. Mhesabu pumzi utaona 28, na hapo utamsogeza mbele.

Yuko pia mgonjwa wa kisukari anayehema kwa kina na kwa haraka kama aliyepanda mlima, ilhali kifua chake ukikisikiliza ni safi na hakohoi. Nimeona wa namna hiyo akianzishiwa dawa ya pumu. Kumbe damu yake imejaa tindikali, na mapafu yanajitahidi kuitoa kwa njia ya pumzi. Pima sukari, na kama vipimo vyake vipo, pima ketoni, yaani hiyo tindikali.

Mtaniambia, sista, siku hizi tuna kile kifaa cha kidoleni. Kweli, na ni kifaa ninachokipenda. Lakini kinapima oksijeni iliyomo katika damu, hakikuambii mgonjwa anaitafuta kwa taabu gani. Anayehema mara 36 kwa dakika anaweza kusoma asilimia 95 leo saa mbili usiku, akachoka saa sita, na akichoka namba huanguka kwa mara moja. Kidole kikiwa cha baridi kifaa kinadanganya. Kucha zikiwa na rangi au piko jaribu kidole kingine, au uibane ndewe ya sikio kwa kifaa cha kufaa hapo. Halafu wako wanaoletwa alfajiri baada ya kulala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Hao kifaa kitawaandikia 99, kwa kuwa hakijui kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba gesi ya mkaa. Wape oksijeni kwa wingi, usingoje namba ikuruhusu.

Mwaka 2025 zilichapishwa takwimu za hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa. Ukichukua wanane, mmoja alikuwa mahututi. Na kati ya mahututi 100, 69 walikuwa katika wodi za kawaida, si ICU. Kwa hiyo ninyi mliopangiwa wodi ya wanaume au ya wazazi, msidhani mhadhara huu umewakosea mlango.

Limo jambo katika takwimu hizo lililoniuma kuliko yote. Waliopungukiwa hewa, waliopewa oksijeni hawakufika nusu. Hilo unaweza kulilaumia mtungi mtupu au umeme. Lakini waliokuwa wamepotewa na fahamu, kati ya 100 ni 14 tu waliosaidiwa njia ya hewa au walau kulazwa ubavu. Kumlaza mtu ubavu hakuna gharama! Hakutaki mtungi, hakutaki kibali, hakuna anayeandikiwa risiti. Aliyepoteza fahamu akilala chali ulimi unarudi nyuma, matapishi yanaingia mapafuni, naye hana uwezo wa kukohoa. Kama ameanguka na unaihofia shingo yake, ita wenzako, mgeuzeni kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda sawa. Kama hana jeraha, mgeuze wewe na ndugu yake, na umwonyeshe huyo ndugu kwa nini asimrudishe chali. Ndugu wengi huwarudisha chali, wanadhani ndiyo heshima ya mgonjwa.

Sasa umehesabu, umepata 34. Ufanye nini? Namba za kushika kwa mtu mzima ni hizi: pumzi chini ya 8 au zaidi ya 30, oksijeni chini ya 90, mapigo ya moyo chini ya 40 au zaidi ya 130, namba ya juu ya presha chini ya 90, au mgonjwa asiyeitika ukimwita. Ukikuta moja tu, huyo ni mahututi. Mkalishe kama ana fahamu, mwanzishie oksijeni, kisha piga simu. Na namna ya kupiga simu nayo ni kazi. Usiseme, "Daktari, naomba uje, kuna mgonjwa hali yake si nzuri." Daktari aliyepata usingizi wa saa moja tu tangu jana ataitika na kurudi usingizini. Sema: "Daktari, ni muuguzi wa wodi ya wanaume. Kitanda cha 6, nimonia, siku ya pili. Saa mbili alikuwa anapumua 24, sasa 34, oksijeni 86 bila mashine, nimemwekea lita 5 imefika 91. Naomba uje sasa hivi." Kisha andika saa uliyopiga. Asipofika, piga tena, halafu mpigie aliye juu yake. Anaweza kukukasirikia, na asubuhi mtasalimiana kama kawaida.

Kwa watoto niseme jambo la dripu. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwamo waliotibiwa Muheza. Walikuwa na homa kali na damu haizunguki vizuri. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi ndani ya saa 48, takriban 10 au 11 kati ya 100, na wasiomiminiwa 7. Mtoto anayeharisha maji mpaka macho yamezama ni habari nyingine, huyo anayahitaji. Ndiyo maana nasema hesabu pumzi kabla ya kufungua dripu, na uhesabu tena baada ya nusu saa. Ikiwa imepanda na ini limevimba, maji yamezidi: simamisha dripu, ita daktari. Wengi wetu tulifundishwa kukimbilia dripu, na mkono huo haubadiliki kwa siku moja.

Kuhusu ninyi wenyewe nitasema machache. Ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa saa hiyohiyo na uanze dawa za kinga dhidi ya VVU, ikiwezekana ndani ya saa 2. Zikipita saa 72 hazianzishwi tena. Usione haya, na usimalize zamu kwanza. Kula kabla ya usiku wa manane. Mgonjwa akifia mkononi mwako, keti na mwenzako dakika kumi kabla ya kwenda stendi, maana ukilibeba jambo hilo peke yako ndani ya daladala utafika nalo nyumbani, na watoto watalipokea mlangoni.

Na ripoti ya zamu itoleeni kitandani, si mezani. Mkifika kwa kila mgonjwa, wanaoingia na wanaotoka mhesabu pamoja wale wanaowatia wasiwasi.

Nimalizie kwa zoezi. Geukeni wawili wawili. Mwenye saa ya mshale wa sekunde amshike jirani yake kifundo cha mkono kana kwamba anahesabu mapigo, lakini macho yawe kifuani. Mtu akijua unamhesabu pumzi hubadilika bila kutaka. Kifua kikipanda na kushuka ni moja. Nusu dakika mara mbili hairuhusiwi leo, nataka dakika nzima, muone urefu wake. Nyamazeni wote. Mshale ukifika juu, anzeni.