Maiki ya Kikao: Anza na Futi Kamba

TATU: Karibuni tena. Leo tuko chumba cha mikutano. Chukulia kampuni inayonunua zabibu: ofisi iko Dodoma mjini, bwana shamba yuko Hombolo, mteja yuko Dar. Kila Jumatatu wana kikao cha mtandaoni, na robo yake inaishia kwenye "mnanipata?" Sasa wametenga hela ya kifaa cha maiki na spika. Kaka Yona, waanzie wapi?

YONA: Waanze na futi kamba kabla ya kwenda dukani. Wapime kutoka kifaa kitakapokaa hadi mdomoni kwa yule anayekaa mbali kuliko wote. Vile vya duara vya mezani, maiki na spika humo humo, vinavyochomekwa USB, vinafanya kazi safi ndani ya mita moja na nusu hadi mbili. Boksi likiandikwa mita tano, hayo ni maneno ya chumba kimya chenye zulia. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya msemaji inashuka desibeli 6, ila kelele za chumba haziondoki.

TATU: Na vyumba vyetu vyenyewe marumaru chini, vioo upande mmoja, kuta tupu.

YONA: Simama katikati, gonganisha viganja mara moja. Ukisikia sauti inabaki ikining'inia, weka mapazia mazito na zulia kwanza. Bila hivyo wa Hombolo atawasikia kama mko ndani ya simtanki, hata ununue kifaa cha milioni. Pia usikiweke chini ya panga boi. Upepo ukipiga matundu ya maiki, huko wanasikia ngurumo tu.

TATU: Meza ikiwa ndefu, watu kumi na wawili?

YONA: Kimoja hakitoshi. Chukua chenye maiki za nyongeza za waya, au viwili vinavyounganishwa pamoja. Uliza kabla ya kulipa, maana modeli nyingi haziunganiki, na zinazounganika hutaka ya aina ileile. Na waya wa kawaida wa USB 2.0 mwisho wake ni mita 5. Ukiurefusha kwa vipande, kifaa kitakuwa kinapotea katikati ya kikao. Hapo unahitaji waya wenye kikuza mawimbi ndani yake.

TATU: Kuna ofisi zinaweka maiki mezani, halafu sauti ya wa mbali inatokea kwenye sabufa.

YONA: Hilo ndilo chimbuko la mwangwi. Kifaa kizuri hufuta mwangwi kwa kulinganisha kinachopokewa na maiki na kile kinachotoka kwenye spika yake chenyewe. Sauti ikipitia sabufa, kifaa hakijui ilikotoka. Kinaichukua kama mtu aliye chumbani na kuirudisha Dar.

TATU: Kwa hiyo ukijisikia mwenyewe, kagua chumba cha wenzako, siyo chako.

YONA: Mara nyingi, ndiyo. Na wawili wakiingia kikaoni kwa laptopu zao humo humo chumbani, maiki na spika zote zimewashwa, ni mluzi mtupu. Mmoja azime maiki na spika yake.

TATU: Dukani mtu ajaribu nini?

YONA: Piga simu ya kweli kwa mtu aliye nje ya duka. Yeye ahesabu moja hadi ishirini bila kusimama, wewe umkatize. Namba zikipotea kila unapofungua mdomo, kifaa kinaruhusu upande mmoja kwa zamu. Kiache. Kisha rudi nyuma mita mbili, usome tarakimu. "Sita" na "tisa" zikichanganywa, na nyinyi mnazungumza tani, hasara hiyo.

TATU: Bluetooth je?

YONA: Kwa mtu mmoja, sawa. Kwa kikao tumia waya. Na ukishachomeka, usiamini. Programu inaweza kuwa bado inatumia maiki ya laptopu. Kwaruza maiki ya kifaa kwa kidole, uangalie kama kipimo cha sauti kinacheza.

TATU: Umeme ukikatika?

YONA: Kifaa cha USB kinakula umeme wa laptopu, kwa hiyo kinaendelea. Kinachokufa ni ruta. Itafutie UPS, yaani betri ya akiba, hata ile ndogo ya volti 12, ila soma kwanza kibandiko cha adapta: volti zilingane, na ampea za UPS zisipungue. Ruta ikiwa inatumia faiba, kile kiboksi cha faiba nacho kiwe kwenye UPS.

TATU: Na bando?

YONA: Sauti peke yake haili sana. Simu ya mtandao ya kiwango cha G.711 ni kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, yaani takriban MB 80 kwa saa kwa pande zote mbili. Kinachosumbua ni ucheleweshaji: ukipita milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu wanaanza kugongana maneno. Laptopu ya kikao ichomekwe waya wa LAN, Wi-Fi waachiwe wengine.

TATU: Na vumbi letu hili la Julai?

YONA: Kikao kikiisha, kifunike. Matundu ya maiki yasafishwe kwa brashi laini iliyo kavu. Usitumie kitambaa chenye maji, kinasukumia tope ndani.