Jinsi ya Kuhesabu Kozi Wahamaji Ukingoni mwa Newala

Karibuni. Hapa ni Newala, Shimo la Mungu, uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na kuliacha bonde la Ruvuma chini. Ulaya na Asia majani yanapukutika. Huku korosho zinaokotwa na kaskazi imeanza kuvuma. Novemba na Desemba ndiyo miezi ya kozi wa Amur, ndege wadogo wa mawindo wanaohama. Wanatoka kaskazini mwa China na Siberia, wanapitia India, kisha wanavuka zaidi ya kilomita 2,500 za bahari wakisukumwa na upepo huohuo, kuelekea kusini mwa Afrika.

Anza na kiti. Kila anayefika hapa hugeukia bondeni, na kwa kweli bonde linaita. Wewe lipe mgongo. Ndege wanatoka kaskazini, na mwezi wa Desemba jua la mchana linakuwa kusini, kwa hiyo halitakuchoma machoni. Mwenzako ndiye atazame bondeni, awanase wanaopita chini ya usawa wa macho. Wa tatu aandike tu.

Darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42) inatosha. Kwanza pekua anga kwa macho matupu, hasa penye mawingu, maana kozi kwenye anga la buluu lisilo na wingu humezwa kabisa. Kaa kuanzia saa 3 asubuhi, ardhi ikishapata moto, hadi saa 10 jioni.

Sasa tazama kundi hili. Wanazunguka, wanapanda na hewa moto. Usihesabu! Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ndege mmoja anapita mbele yako mara tano, nawe unamhesabu mara tano. Subiri. Wakifika juu wanaacha kuzunguka na kuteleza kusini mmojammoja, kama uzi unaochomoka. Chagua miti miwili, vuta mstari wa kufikirika kati yake, na hesabu anayeukata tu. Akirudi kaskazini, mtoe.

Kundi likiwa kubwa, hesabu 10, ona wamejaza anga kiasi gani, kisha pima kipande hichohicho hadi mwisho wa kundi. Kila 10, hamisha korosho ghafi moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Huhitaji mashine.

Dume la Amur ni la kijivu cheusi, na chini ya bawa sehemu ya mbele ni nyeupe kabisa. Mapaja yana wekundu wa kutu. Jike ni jeupe kifuani, lina madoa meusi. Usimchanganye na mwewe mwenye mkia wa panda, anaoupindapinda kama usukani: huyo anatafuta vifaranga, atarudi. Pungu, aina ya tai, naye utamjua kwa mkia mfupi, karibu hauonekani.

Jioni baada ya mvua kumbikumbi wakitoka, kozi husimama kula, wakienda mbele na nyuma. Funga hesabu ya wanaopita. Andika pembeni "wanakula".

Kwenye daftari, kila saa iwe na mstari wake: upepo unatoka wapi, mawingu kiasi gani, idadi kwa kila aina, na safu ya "hakutambulika", ambayo ni bora kuliko kubahatisha jina. Saa isiyo na ndege iandike 0. Ukiiacha wazi, msomaji hatajua kama anga lilikuwa tupu au mlikwenda kula.