Seu Vella ya Lleida: Kilima Kilichogombaniwa

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Mgeni akifika Lleida, mji wa Katalunya, kaskazini-mashariki mwa Hispania, ulio kando ya mto Segre, hana haja ya kuuliza njia ya Seu Vella. Kanisa kuu hilo la zamani limekaa juu ya kilima katikati ya mji, na mnara wake unaonekana tangu mbali, kwa kuwa nchi inayouzunguka ni tambarare ya mashamba. Mnapopanda, jiulizeni: kwa nini pale juu? Sababu iliyolipeleka kanisa kilimani ndiyo hiyo hiyo iliyowanyang'anya watu wa Lleida kanisa lao.

Aliyekishika kilima kile aliushika mji. Watawala Waislamu walijenga pale ngome iitwayo La Suda, na msikiti mkuu karibu yake. Mwaka 1149 watawala Wakristo, Ramon Berenguer IV wa Barcelona na Ermengol VI wa Urgell, wakauteka mji, na msikiti ukafanywa kanisa. Jiwe la msingi la jengo la sasa liliwekwa mwaka 1203, fundi mkuu akiwa Pere de Coma, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1278.

Nawasihi sana, msiupite ua wake haraka. Makanisa mengi ya namna hii huwa na ua ubavuni. Hapa ua uko mbele, kwa hiyo unapita uani kwanza ndipo uingie kanisani. Una madirisha 17 makubwa ya matao, na nakshi zake za mawe hazirudiwi: chagueni mawili yaliyo jirani, mfuatishe mistari ya mawe kwa macho, mtaona kila fundi alikuwa na lake la kusema. Upande wa kusini uko wazi pande zote mbili, huku bustani ya ua, huku mapaa ya mji, mto na tambarare. Ua wa watawa kwa kawaida hujifungia. Huu umeufungukia mji, na kwangu mimi hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote kilimani.

Kisha ukaja mwaka 1707. Katika Vita vya Urithi wa Kiti cha Ufalme wa Hispania, majeshi ya mfalme Felipe V yaliuzingira mji yakauteka. Mahali palipowafaa makasisi kwa kuonekana, paliwafaa askari kwa kuona na kupiga mizinga. Ibada ikakoma, kanisa likawa kambi. Matao yale ya ua yakazibwa, na ndani ya kanisa, chini ya dari refu, zikajengwa sakafu za ghorofa ili askari wapate pa kulala. Waumini walijengewa kanisa jipya huko chini mjini, Seu Nova, kati ya 1761 na 1781. Mwaka 1918 jengo la kilimani lilitangazwa kuwa urithi wa taifa, lakini jeshi halikuhama. Baada ya Lleida kuanguka mikononi mwa majeshi ya Franco mwaka 1938, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, wafungwa wa upande wa Jamhuri walizuiliwa humo. Askari waliondoka mwaka 1948, ndipo kazi ya kulirejesha ikaanza.

Wapo wageni wanaolalamika kwamba kanisa ni tupu, halina mabenchi wala mapambo. Mimi nawaomba muuheshimu utupu huo, maana watu wa Lleida waliupigania: sakafu zile zilibomolewa na matao yakazibuliwa ili nguzo zionekane tena kuanzia chini hadi juu.

Mwenye magoti mazima apande mnara wa kengele, ngazi 238. Halafu msirudi mjini kabla ya kufika La Suda, hatua chache tu kutoka kanisani. Pale, mwaka 1214, Jaume I, mfalme wa Aragon, aliapiwa utii akiwa bado mtoto mdogo. Sehemu kubwa ya kasri hiyo imebomoka. Baruti iliyohifadhiwa humo ililipuka mwaka 1812, wakati Wafaransa wanaushikilia mji. Kuta zilizosalia zinatosha kuonyesha jinsi kiti cha mfalme na altare vilivyokaribiana.